Ukienda Rufiji, Acha Kukimbizana na Simba

Nikirudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, swali huwa ni lilelile: "Simba mmemwona?" Ukijibu ndiyo, mtu anaridhika na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mafuta. Ukijibu hapana, unatazamwa kama mtu aliyekwenda harusini akarudi bila kuonja pilau. Zamani nilikuwa nabishana. Siku hizi namgeuzia swali mwenyewe: wewe ukienda Rufiji, unakwenda kuangalia nini hasa? Maana kule hakuna uwanda wa nyasi fupi kama Serengeti, ambako mnyama unamwona toka mbali mpaka unachoka. Lile ni pori la mto, na kila kiumbe kilichomo kinafuata ratiba ya maji.

Wengi bado wanalijua kwa jina la Selous, ambalo Waingereza walilipa mwaka 1922 kwa kumbukumbu ya mwindaji wao, Frederick Selous, aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 1917 wakati wakipigana na Wajerumani. Kaburi lake limo humo humo. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilimegwa kutoka pori la akiba ikawa hifadhi ya taifa, na uwindaji wa kitalii ukabaki upande uliobaki kuwa pori la akiba. Ukubwa huo usikutishe. Mtu anayetoka Dar es Salaam akaingilia lango la Mtemere huishia kuzunguka kona moja tu, kwenye maziwa ya Nzerakera, Manze na Tagalala, na hiyo kona peke yake huimalizi.

Maziwa yenyewe yametokana na Rufiji. Mto ule haujui kukaa njia moja. Masika ukijaa huvunja kingo, ukahamia pengine, mkondo wa zamani ukabaki kuwa ziwa. Mafuriko yakirudi, mto na maziwa huunganishwa tena na vijito, samaki wakapita huku na huku. Ndiyo maana katikati ya maji utaona vigogo vya mivumo vimesimama wima, vimekufa, havina hata jani moja: mti uliota nchi kavu, maji yakaufuata. Juu ya vigogo hivyo ndiko furukombe anakokaa kuvizia samaki na mnandi anakokausha mbawa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei za kambi, uliza maji yakoje. Kuanzia Juni madimbwi ya ndani ya pori yanaanza kukauka, na kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo wanyama wanavyosogea kwenye maziwa na mto. Ikifika Septemba na Oktoba joto ni la kukuchemsha, lakini hakuna mnyama mwenye mahali pengine pa kwenda kunywa. Machi mpaka Mei usijisumbue. Udongo wa kule ukilowa unashika tairi mpaka gari linakaa chini, na kambi nyingi hufunga. Januari na Februari nyasi ni ndefu, swala anaweza kulala hatua chache kutoka barabarani usimwone, ila kwa mpenda ndege hiyo ndiyo miezi yake, kwa sababu wale wanaokimbia baridi ya Ulaya wanakuwa bado wapo. Kuna watu niliowaambia hivi wakanijibu kwamba likizo ya ofisini kwao ni Aprili. Basi nendeni Zanzibar, ingawa na huko mvua itawakuta.

Mengi ya kuangalia majini nimefundishwa na shangazi yangu, mtu wa Utete, ambaye mpaka miaka michache iliyopita hakuwa amewahi kukanyaga hifadhini, ingawa amekaa na viboko kuliko watalii wote wa Mloka, kile kijiji cha nje ya lango, ukiwajumlisha. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa Operesheni Rufiji, pale mafuriko ya 1968 yalipofuatiwa na watu kuhamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Kila msimu wakawa wanateremka bondeni kulima mpunga, na maji yakishaondoka wanapanda mahindi ya mlau kwenye udongo ule uliobaki na unyevu. Na kwa sababu bondeni si kwao peke yao, walilala kwenye dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, na ngazi wakaivuta juu. Mchana unafukuza ndege, usiku unapiga debe kufukuza kiboko na nguruwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wala watu walipoua makumi ya watu wilayani Rufiji, shangazi alikuwa ana mpunga shambani, na ulinzi wa usiku ukawa habari nyingine kabisa. Yeye simba hamtafuti.

Nilipomwambia nataka kumpeleka hifadhini akatembee, alinitazama kwa muda.

"Nilipe hela nikamwone kiboko?"

"Nitalipa mimi, shangazi."

"Wewe una hela za kuchezea."

Kiingilio cha sisi raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha wageni, nikamweleza, na pesa kubwa inakwenda kwenye gari na boti. Akasema sawa, ila alale Mloka, asilale ndani ya pori. Hapo alikuwa na akili kuliko alivyojua, maana kulala kijijini nje ya lango kunapunguza gharama sana, na boti zinaanzia huko huko, zinapanda na mto mpaka ndani.

Barabara sina la kusema zaidi ya kwamba mpaka Kibiti ni lami, na kutoka hapo kupitia Mkongo tulipopita sisi ilikuwa vumbi, na kwenye vumbi lile kiti cha nyuma ni adhabu. Wenye muda wana njia nyingine, treni ya TAZARA kutoka Dar mpaka Kisaki. Reli inakatiza pori lenyewe, na ukibahatika kupita mchana unaona swala na twiga ukiwa umekaa dirishani na karanga zako.

Asubuhi mtoni kulikuwa na baridi ya kipupwe. Nahodha alikuwa mtu mzima wa huko huko. Alimwamkia shangazi, wakaulizana koo zao na vijiji vyao mpaka nikahisi boti haitaondoka. Tulivaa majaketi ya kuokolea, shangazi akafunga la kwake juu ya khanga, akaomba kukaa mbele. Nyuma walikaa vijana wetu wa Dar na simu zao, na mmoja alikuja na spika ndogo ya muziki. Hatujafika mbali shangazi akageuka.

"Zima hiyo, mwanangu. Sisikii."

"Unasikiliza nini, bibi?"

Hakumjibu. Ila baadaye niligundua kwamba anachokifanya kwenye maji ni kusikiliza zaidi kuliko kuangalia. Kiboko unamsikia kabla hujamwona, ule mkoromo wake unaopita juu ya maji. Furukombe akilia anakuambia yuko mti gani. Yangeyange wakiruka wote kwa mpigo bila boti kuwakaribia, kuna kitu kimewatoa. Mtu aliyelinda mpunga gizani miaka yote ile masikio yake yana kazi nyingine kabisa, na sisi tumekuja na spika.

Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umejitokeza kila mahali. Nahodha hakwenda moja kwa moja. Alikata kulia, akavuka, akarudi kushoto, akifuata mkondo wenye kina ambao mimi sikuuona. Tukafika kwenye fungu la mchanga lililojaa ndege. Shangazi akanyoosha kidole: "Pale pametoka mamba sasa hivi." Tukatazama. Hakuna mamba. Nahodha akapunguza injini, akacheka, akasema, "Mama umeona." Ndipo akatuonyesha. Ndege walikuwa wametapakaa fungu zima, isipokuwa sehemu moja pembeni iliyokuwa tupu. Kutoka pale tupu kulikuwa na mburuzo, upana wa tumbo, na alama za miguu huku na huku, na katikati mstari wa mkia. Mburuzo uliingia majini, na mchanga wake ulikuwa bado unang'aa kwa unyevu wakati pembeni yake mchanga ni mkavu, mweupe. Mwenyewe hajaenda mbali. Tulizima injini, tukakaa. Baada ya muda yakajitokeza matundu mawili ya pua, halafu macho, hatua chache tu kutoka tulipoelea. Kijana wa spika akavuta mkono wake kutoka ukingoni mwa boti bila kuambiwa.

Tangu hapo kila nikifika mtoni naanza na mchanga kabla ya maji. Mchanga unaandika kila kitu: kiboko alipandia wapi usiku, tembo walivuka saa ngapi kwa kadiri kingo za nyayo zilivyoanza kubomoka, kenge alichimba wapi. Kenge tulimwona siku hiyo hiyo, anatambaa juu ya fungu jingine huku ananusa kwa ulimi. Waswahili tunasema msafara wa mamba na kenge wamo, na tunaichukulia kuwa ni methali ya kumsema mtu. Kule mtoni ni habari ya kweli: kenge anafuata mayai. Mamba jike hutaga kiangazi, mto ukiwa umeshuka, mayai kama 40 hadi 60, anayafukia kwenye mchanga na kukaa karibu kwa miezi mitatu hivi mpaka yaanguliwe. Joto la kiota ndilo linaloamua watoto wawe dume au jike. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, mama anafukua na kuwabeba kinywani mpaka majini, kwa meno yale yale. Na ule mdomo anaouacha wazi juani, ambao kila mtu anaupiga picha akidhani ni vitisho, anapunguza joto tu.

Kwa kiboko mambo ni kinyume. Mdomo ukifunguka, hapigi miayo. Anakuonyesha meno ili ujue ukomo wako.

Kundi la kwanza kubwa tulilikuta kwenye kona ambako mto umechimba. Nahodha alianza kugonga ubavu wa boti kwa kiganja, taratibu, ko, ko, ko, akiwa bado mbali. Nikamuuliza kwa nini anawaamsha. Akasema anayewashtukiza viboko ndiye anayeumia. Wakisikia wanakuja juu kukutazama, na ukiwaona wote unajua pa kupita. Akahesabu masikio. Akarudia kuhesabu. Tulikuwa tumesimama tu, injini inanguruma chini chini, na abiria mmoja akaanza kulalamika kwamba tunapoteza muda. Nahodha akasema, "Kuna mmoja hajapumua." Kiboko anaweza kukaa chini dakika tano hivi, na haogelei, anatembea chini kwa miguu, kwa hiyo unaweza kumkuta mahali usipomtarajia. Yule mmoja akaja kuibuka kati yetu na ukingo, akapuliza maji, akatutazama. Hapo tu ndipo nahodha akapita, upande wa maji mafupi, akawaachia wao kina chote. Usimkatie kiboko njia ya kwenda kwenye maji marefu, alisema, hata kama unamwona ametulia kama jiwe.

Shangazi alikuwa amewakazia macho muda wote. Mwishowe akasema kwa sauti, "Huyu wa kulia ndiye aliyekula mpunga wangu."

Boti nzima ikaangua kicheko. Nahodha akamwambia, "Si huyo, mama. Huyo ni wa hifadhini, ana kibali."

"Usiku kibali anakiacha wapi?"

Na kweli, mchana anakaa majini kwa sababu ngozi yake haiwezi jua. Hutoa ute mwekundu ambao watu huuita jasho la damu. Giza likiingia anapanda nchi kavu, anatembea kilomita kadhaa, anakula majani kama kilo 40 kwa usiku mmoja, na majani ya mpunga ni majani. Hifadhi ina ramani, kiboko hana. Kisha shangazi akawahadithia vijana ile hadithi ya zamani, kwamba kiboko alipoomba kuishi majini Mungu alimkatalia akihofia atamaliza samaki, naye akaapa kwamba kila akienda haja atakitawanya kinyesi kwa mkia ili Mungu akague mifupa. Wakati anaihadithia, mmoja alipanda ukingoni akafanya hivyo hivyo mbele yetu, mkia unakwenda kama pangaboi. Sijawahi kusikia vijana wa Dar wakicheka vile. Simba gani angewapa hicho?

Upande wa pili wa kona kulikuwa na ukuta wa udongo uliosimama wima, na ukuta umetobolewa matundu mengi. Keremkerem, ndege wala nyuki. Wale wenye paji jeupe na koo jekundu wanachimba mashimo mle kwa ajili ya viota, wanaishi kwa ukoo, ndugu wakisaidiana kulisha watoto. Nahodha alisogeza boti karibu, akazima. Kwanza wote walikuwa ndani. Akatoka mmoja, akakamata nyigu hewani, akarudi kwenye mzizi uliochomoza, akampigapiga na kumsugua kwenye mti mpaka sumu ya mkia ikatoka, ndipo akammeza. Nilikuwa nimewahi kupita kwenye kuta za namna hiyo nikidhani ni mashimo ya panya. Wenye darubini waliangalia mpaka mikono ikachoka. Hii ni sehemu ambayo madereva wengi wa boti huipita mbio kwa sababu abiria hawaulizi. Uliza, na uombe kuzimiwa injini. Ukiambiwa muda hautoshi, sema utafupisha kwingine.

Siku ya gari ilikuwa na mambo yake. Mbung'o kwanza. Nguo ya bluu iliyoiva au nyeusi ni kuwaita kwa jina. Niliwatangazia watu wetu kabla ya safari, na bado mmoja alikuja na jezi ya bluu bahari na kuelewa mwenyewe. Vaa rangi za udongo, mikono mirefu, na funga vioo mnapopita kwenye kichaka kinene, hata kama ndani kuna joto.

Pili, simba. Kule madereva wana redio na simu, na simba akionekana habari inasambaa. Tulikuwa kandokando ya ziwa Manze dereva wetu alipopokea, macho yakamwaka, akageuza gari. Tulifika tukakuta magari yamezunguka kichaka, moja limetoka kabisa barabarani na kukanyaga majani ili abiria wake wapate sura. Simba jike alikuwa amelala chini ya mti, tumbo juu. Aliinua kichwa, akakirudisha. Watu walipiga picha za tumbo lile mpaka betri zikalalamika. Shangazi alitazama mara moja, akafungua kikapu, akatoa chapati.

"Ameshiba," alisema. "Twendeni kwenye maji. Aliye na kiu ndiye atakayekuja."

Dereva alisita, kwa sababu anajua bakshishi hutoka kwa simba. Tukamhakikishia. Tukarudi ziwani, tukaegesha kwenye kivuli cha mkwaju, upepo ukitokea majini kuja kwetu, na nikaomba kila mtu akae ndani, milango imefungwa, sauti chini. Dakika za kwanza ni ngumu. Hakuna kitu, na kila mtu anawaza yule simba. Kisha wakaja swala pala, mmoja mmoja, wa mbele anakunywa na wa nyuma analinda. Kuro wakasimama ndani ya maji mpaka magotini, wale wenye duara jeupe nyuma. Juu ya mayungiyungi ndege mmoja wa vidole virefu ajabu anatembea bila kuzama. Twiga walifika na kusimama mbali sana wakiangalia. Twiga anajua kwamba akipanua miguu kunywa ndipo anapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa hiyo alisogea, akarudi, akasogea. Utawaona kaskazini ya Rufiji tu, ng'ambo ya kusini hawapo. Tulimsubiri mmoja mpaka akapanua miguu na kuinama, na gari zima likashusha pumzi.

Tembo walikuja jua likiwa limeshalala upande. Kiongozi jike alisimama kwenye ukingo wa miti, mkonga juu, akinusa. Alitusikia au alitunusa, sijui, lakini alisimama pale muda mrefu wakati watoto nyuma yake wanasukumana. Tembo wa pori lile wana wasiwasi, na sababu wanayo. Mwaka 1976 walihesabiwa zaidi ya 100,000 katika eneo lote la Selous. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Walimalizwa kwa risasi, kwa ajili ya meno, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka pori hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tembo jike anaishi miaka 60. Huyu aliyesimama mbele yetu, kama umri wake ulivyoonekana, aliyapitia yote. Ndiyo maana sipendi dereva anayewasogelea "kidogo tu". Tulikaa kimya, akaamua. Wakateremka wote, wakanywa, watoto wakajipaka tope, na mmoja akaokota tunda la mvumo lililoanguka akalitia kinywani lote. Mbegu atakwenda kuidondosha mbali, na hivyo ndivyo mivumo inavyosambaa. Nusu ya mandhari ile imepandwa na wao.

Magari yalipita nyuma yetu yakitimua vumbi kuwahi lango. Yalikuwa yametoka kwa simba.

Mtu akiniuliza nini kinanitia mashaka kuhusu ule ukanda, nitasema mto. Juu kidogo, kwenye korongo la Stiegler, sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa mwanzoni mwa 2024. Umeme tunauhitaji, mimi mwenyewe naandika haya taa ikiwa inawaka. Lakini pori lote nililolieleza, maziwa, mafungu ya mchanga, kuta za keremkerem, mahindi ya mlau ya shangazi, vimezoea mto unaopanda na kushuka kwa miezi inayojulikana. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, na ubishi wa chanzo chake haujaisha vijijini. Nahodha wetu anasema zamani alikuwa anautabiri mto kwa mwezi, sasa anaangalia alama ya maji kwenye gati kila asubuhi na kuamua. Anajifunza upya, na umri wake unakaribia wa shangazi.

Tukiwa tunatoka Mtemere, askari wa hifadhi alimuuliza shangazi kama amefurahi. Akasema amefurahi, kisha akamuuliza kuhusu kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa aliyeliwa mazao na wanyamapori. Askari akamweleza kwa heshima: taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori wa wilaya aje kukagua shamba, kisha fomu. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, akija kukagua mpunga ulishaota tena."

Askari alicheka kwa aibu, akamwandikia kwenye karatasi namba ya ofisi ya kupigia mapema. Shangazi aliifunga kwenye pindo la khanga. Mloka tukala wali na samaki, akamkosoa mpishi kwamba kambale hakaangwi hivyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alinipigia simu mwenyewe. Mto umeshuka, akasema, mchanga umetoka, lini tunakwenda? Ila safari hii tulipe boti tu. Hela ya gari niiweke, tutanunulia debe jipya la kufukuzia viboko.